Zamu ya Shamba la Mwisho

Hesabu ilikufa mara ya tatu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Koleta akiwa bado na kikombe cha uji mkononi. Kioo cha kompyuta kiliganda, feni ikanguruma kama inapanda mlima, halafu ikaja ile sentensi aliyokwisha kuichukia: kumbukumbu haitoshi. Programu ikajifunga. Subira yote ya asubuhi ikaenda na maji.

"Mama, imekufa tena."

"Si uifufue?" Hedwiga alijibu kutoka jikoni, akipepeta mahindi ya makande. "Jana umeifufua."

"Nimeifufua, imekufa kifo kilekile."

"Basi ina lake jambo," alisema mama yake, akaendelea kupepeta.

Ingekuwa hesabu ya shule, Koleta asingejali. Alikuwa mwalimu wa kujitolea wa hisabati katika sekondari ya kata, ana digrii yake, ana miaka ishirini na saba, na kusubiri ajira alikuwa amekuzoea. Lakini hii ilikuwa hesabu ya maji. Jumamosi, watumiaji wa ndiva ya Kwamshitu wangepiga kura, na kama hesabu isingekuwa mezani, mashamba kumi na mawili ya chini yangefutwa kwenye orodha ya zamu. Shamba la mwisho kabisa kati ya hayo kumi na mawili lilikuwa la baba yake. Bila zamu hakuna tangawizi, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Kwa msomaji ambaye maji yake hutoka bombani, tena yakipenda, ni vizuri aelezwe. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na mababu wa Kipare juu ya mashamba. Kijito huingia humo usiku kucha. Alfajiri mlango unafunguliwa, maji yanashuka na mfereji, na kila mtu anayakinga shambani kwake kwa zamu. Kwamshitu kuna mashamba sitini na mawili, na maji hayajawahi kuwa mengi.

Aliyefungua mlango huo kwa miaka thelathini na moja ni Tumainieli, baba yake Koleta. Kila alfajiri alisimama ukingoni akaita majina, hata ya wale ambao siku hiyo hawakuwa na haja ya maji, kuanzia shamba la juu la Daudi mwenyekiti, akishuka moja moja. Aliita majina sitini na moja. La kwake hakuliita. Kwa desturi ya pale, mfungulia ndiva shamba lake ni la mwisho, asije akashukiwa kujipendelea. Akishawaita wenzake wote, anachukua jembe lake taratibu na kufuata mabaki. Nani ajiite mwenyewe?

Mabaki yenyewe yalikuwa yanapungua mwaka hadi mwaka. Wiki iliyopita alikuja mhandisi wa mradi wa umwagiliaji, kijana nadhifu aitwaye Abubakari, akauambia mkutano kwamba ndiva itajengewa kwa saruji, lakini mradi una masharti: orodha iwe na mashamba yanayofikiwa na maji kweli. Alikuwa na jedwali lake. Kwa wastani wa mwaka, alisema, maji yanatosha mashamba hamsini.

Tumainieli alinyoosha mkono. "Mhandisi, wastani haumwagilii. Kuna siku na siku."

"Mzee, samahani, una elimu gani?"

"Darasa la saba."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na Tumainieli alikaa chini akiikung'uta kofia yake isiyo na vumbi. Hapo ndipo Koleta aliposimama, akaomba apewe mpaka Jumamosi alete hesabu ya siku hadi siku.

"Karibu sana, mwalimu," Abubakari alisema. "Ila ulete hesabu, siyo hadithi."

Hesabu yenyewe aliijua kichwani. Alikuwa na daftari la mvua la misheni, miaka arobaini, limeandikwa kwa mkono na watu watatu tofauti. Kutokana nalo alitunga mbingu za kubuni elfu mbili, kila moja ya miaka arobaini: miaka ya ukame imewekwa mwanzo, imewekwa katikati, imefuatana, imeachana, kila namna ambayo mbingu ingeweza kuamua. Kwa kila mbingu, kila siku, kila shamba, alitaka kujua udongo una unyevu kiasi gani. Ukizidisha vyote unapata namba karibu bilioni mbili, nazo zinataka nafasi ya giga kumi na nne na nusu. Kompyuta yake, aliyoinunua kwa mtu akiwa mwaka wa pili chuoni, ilikuwa na giga nne.

*

Jumatano Hedwiga alifungua pochi yake, akatoa laki moja na nusu ya mbolea.

"Kanunue hiyo kumbukumbu."

"Mama, hii ni ya mbolea."

"Mbolea ya shamba gani, kama maji hakuna? Nenda, usinichoshe."

Koleta alishuka kwa pikipiki hadi Same mjini, akiwa ameikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Joto la tambarare lilimpokea na vumbi lake. Duka la Chande liko jirani na stendi, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyojaa simu zilizopasuliwa. Chande, kijana wa Same mwenye ulimi mwepesi, aliifungua kompyuta kwa bisibisi, akachungulia, akaita wateja wengine waje kuona.

"Madam, hii umeitoa jumba la makumbusho?"

Wateja wakacheka. Koleta akatabasamu kwa meno tu.

"Kumbukumbu haitoshi, kaka, nataka kuiongezea ramu. Pesa ninayo."

"Pesa yako nzuri, naitamani kweli. Lakini ona hapa." Alielekeza kwa bisibisi. "Ramu ya hii imechomelewa kwenye bodi kiwandani. Haitoki, haiongezwi. Ungekuja na milioni ningekurudishia vilevile."

Safari nzima ile, na mama yake ameacha mbolea. Koleta alikaa kwenye kibenchi, na labda ni sura yake iliyomfanya Chande aache utani.

"Kwani unafanya nini humo, madam? Filamu?"

"Hesabu za maji. Zinataka giga kumi na nne."

"Kumi na nne kwenye nne!" Chande alipiga makofi. "Haya, sikiliza. Ramu haiongezeki, lakini uongo unaongezeka."

"Uongo gani?"

"Kompyuta ni mwongo mwenye adabu. Programu yoyote ikiwashwa, mfumo endeshi unaiambia: karibu, eneo lote hili ni lako, jinafasi. Kumbe nafasi ya kweli ni ndogo. Programu ikianza kujaza, mfumo unachukua kurasa, yaani vipande vya kazi yake, ambazo hazijaguswa muda mrefu, unazificha kwenye diski. Zikihitajika, unazirudisha. Programu haijui kitu, inaona kila kitu kiko palepale. Sasa wewe eneo lako la kufichia ni giga mbili tu. Kwa hiyo likijaa, mfumo unasema basi, unaua. Mimi nitakupa giga ishirini za kufichia."

"Na haitakufa?"

"Haitakufa." Alianza kubonyeza. "Ila sijasema itakimbia. Diski ni diski, madam. Kwenye ramu unanyoosha mkono tu, kwenye diski unatuma mtu sokoni."

Alimtoza elfu tano. Koleta alirudi mlimani na pesa ya mbolea karibu yote, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliimba njiani.

*

Saa nane mchana hesabu ilianza, na Chande hakusema uongo: haikufa. Umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru. Taa ndogo ya diski iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, haraka haraka, na ndani kukasikika mkwaruzo kama panya kwenye dari. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Hedwiga alirudi kutoka kituo cha tangawizi, akaweka kapu chini, kapu tupu.

"Mbegu ziko wapi, mama?"

"Wamesema mbegu za msimu huu ni za wenye zamu." Alivua kanga ya kichwani akajipangusa uso. "Nikasema zamu ninayo. Yule karani akasema, 'Subiri Jumamosi, mama, tusije tukapoteza mbegu.' Mbele ya watu. Mtoto niliyemfundisha Shule ya Jumapili!"

"Ungemjibu."

"Nilimjibu. Nilimwambia nitarudi Jumatatu na kapu kubwa zaidi. Sasa wewe usinitie aibu." Aliinama akatazama kioo. "Imefika wapi?"

Koleta alikuwa anaogopa swali hilo. Saa moja jioni, baada ya saa tano za kukwaruza, kompyuta ilikuwa imemaliza mbingu mbili. Mbili kati ya elfu mbili. Alichukua kalamu akazidisha, ingawa jibu alishaliona kichwani: saa elfu tano, yaani siku mia mbili na nane bila kupumzika.

"Imefika mbali?" Hedwiga aliuliza tena.

"Itamaliza mwakani, mama."

Hedwiga alimpakulia makande, akamwekea na parachichi kubwa kuliko la baba yake, na hilo ndilo lililomliza Koleta.

*

Alhamisi alfajiri Koleta alimfuata baba yake ndivani, kwa sababu kukaa nyumbani na ile taa inayowaka na kuzima kulimshinda. Ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Watu walikuwa wamekwishapanga mstari kwenye mfereji na majembe yao, na Tumainieli alikuwa ukingoni, kofia mkononi.

"Daudi!"

"Nipo!" mwenyekiti aliitikia. Shamba lake liko hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Naetwe!"

"Nipo, leo sihitaji!"

Akaendelea, jina kwa jina, hakosei, hasomi popote, mpaka la sitini na moja. Halafu akavaa kofia, akachukua jembe. Koleta alitembea nyuma yake kando ya mfereji. Maji waliyoyafuata yalikuwa tayari yamekonda.

"Mwanangu, uso wako umeshuka. Mashine imekufa?"

"Haijafa, baba. Lakini haifiki."

"Inafanya nini basi?"

"Inatembea tu." Koleta alitafuta maneno. "Kila shamba nimeliwekea furushi lake la namba. Chumba cha kufanyia kazi ni kidogo, mafurushi yote hayaenei. Kwa hiyo mfumo endeshi..."

"Ndiyo nani huyo?"

"Msimamizi wa mle ndani. Ndiye anayeamua kipi kikae chumbani na kipi kipelekwe stoo. Nikitaka furushi la mzee Daudi, anakata kipande chake anakileta. Nikitaka la Naetwe, analileta. Nikifika chini kwetu chumba kimejaa, anarudisha la Daudi stoo ili la kwetu lipate kuingia."

"Na ukimtaka Daudi tena?"

"Anamfuata tena stoo."

"Unamtaka mara ngapi?"

"Kila siku ya kila mbingu. Kwa mbingu moja ni mara elfu kumi na nne na mia sita. Na kila nikimtaka, nachukua namba moja tu, namwacha, naita anayefuata."

Tumainieli alisimama katikati ya njia, akapiga mluzi.

"Masikini ya Mungu! Namba moja, unamtuma stoo? Huyo mtu hana kosa, Koleta. Wewe ndiye unayemtesa. Mimi ungenifanyia hivyo ningetupa jembe siku ya kwanza." Alisema kwa uchungu wa kweli, kama anamtetea mwenzake wa kazini. "Kwani ukimtoa Daudi stoo, kwa nini usimalize naye kabisa? Siku zake zote, mbingu zake zote. Ukishamaliza, funga furushi, rudisha, usimwone tena. Ndiyo uite wa pili."

"Haiwezekani, baba, kwa sababu..."

Koleta alitafuta ile sababu na hakuiona. Alirudi nyuma akilini, mpaka siku ile alipokaa kuandika programu, vidole vikaenda vyenyewe bila kuuliza: kila siku, ita wote, kuanzia juu hadi chini. Tangu akiwa amebebwa mgongoni alikuwa ameyasikia yale majina kila alfajiri. Hakuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kuhesabiwa kwa mpangilio mwingine.

"Kwa sababu wewe ndivyo unavyoita," alisema, akaanza kucheka. "Kila siku unaita wote."

"Mimi naita wote ili watu wasigombane! Mafurushi yako yana ugomvi na nani?"

"Subiri, baba, subiri. Wa pili anategemea maji aliyoyaacha wa kwanza. Nikimmaliza Daudi peke yake, Naetwe nitampa nini?"

Tumainieli alimwangalia kwa huruma kidogo, namna mtu anavyomwangalia msomi. "Si mabaki? Andika mabaki ya Daudi ya kila siku, mpe Naetwe. Naetwe naye akimaliza, mabaki yake mpe wa tatu. Kinachoshuka na mfereji ni mabaki, mama. Daudi mwenyewe hashuki nayo."

Koleta alimshika baba yake mkono mbele ya watu, jambo ambalo si desturi, akaubusu, akageuka akakimbia kupanda kilima na viatu vyake vya mvua.

"Mwalimu kapatwa na nini?" mtu aliuliza kutoka shambani.

"Kaitwa zamu yake," Tumainieli alisema, akaenda kukinga mabaki.

*

Ilimchukua mchana mzima kuiandika upya, na haikuwa kazi ya kubadili mstari mmoja kama watu wa mjini wanavyopenda kusimulia. Kulikuwa na makosa, kulikuwa na shamba lililopata maji hasi, kulikuwa na kuku aliyekanyaga kibodi. Lakini kila furushi sasa lilikuwa giga robo tu, na furushi la mabaki robo nyingine. Vyote viwili vilienea chumbani na nafasi ikabaki. Ijumaa saa tatu asubuhi aliiwasha. Taa ya diski ikawaka, ikatulia. Ikawaka tena baada ya muda, ikatulia. Mkwaruzo haukuwepo.

"Imekufa?" Hedwiga aliuliza kwa hofu. Kimya kile hakukizoea.

"Hapana, mama. Inafanya kazi."

Dakika hamsini. Siku mia mbili na nane zikawa dakika hamsini, kwenye mashine ileile iliyochekwa Same. Koleta alitazama jibu la kwanza na furaha ikamwishia kidogo: kwa mpangilio wa sasa, mhandisi alikuwa sahihi. Shamba la mwisho lilipata maji ya kutosha miaka thelathini na nane tu katika mia.

"Baba," aliita. "Kama maji yangetolewa kwa namna nyingine, wewe ungeyatoaje?"

Tumainieli alikuwa ananoa panga.

"Ningeanzia chini."

"Kwa nini?"

"Alfajiri ndiva imejaa, maji yana nguvu, yanafika chini mbio. Mchana yamebaki kidogo na yana uvivu, mfereji unayanywa njiani. Wa juu hata kidogo kinamtosha, yuko mlangoni. Wa chini kidogo hakimfikii."

"Umelijua hili lini?"

"Mwaka wa kumi hivi wa kazi."

"Na hukusema? Miaka ishirini, baba?"

"Niseme nini? Shamba la chini kabisa ni la nani?" Alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba. "Wangesema mfungulia ndiva anajifungulia."

Koleta aligeuza mpangilio, akaiwasha tena hesabu, akakaa mbele yake dakika hamsini nyingine bila kunyanyuka.

*

Jumamosi ukumbi wa ofisi ya kijiji ulijaa mpaka madirishani. Abubakari alikaa mbele na jedwali lake, Daudi mwenyekiti pembeni yake amevaa koti. Koleta alisimama na karatasi mbili, kompyuta yake kwapani.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!"

"Nianze na la kwanza. Kwa zamu jinsi tunavyozipanga sasa, mhandisi yuko sahihi. Mashamba kumi na mawili hayapati maji ya kutosha."

Ukumbi ukavuma. Hedwiga, aliyekuwa safu ya tatu, alifumba macho. Abubakari naye aliinua uso, hakutegemea kusikia hivyo.

"La pili. Maji yaleyale, ndiva ileile, tukianza kuyatoa kutoka chini kupanda juu, mashamba yote sitini na mawili yanapata. Shamba la chini kabisa linapata miaka tisini na moja katika mia."

"Hiyo umeipataje, mwalimu?" Abubakari alinyoosha mkono kupokea karatasi. "Siku hadi siku, miaka arobaini, mbingu elfu mbili? Umetumia kompyuta ya wapi?"

"Hii."

Abubakari aliitazama. "Hii ina giga ngapi?"

"Nne."

"Haiwezi kubeba hesabu hii."

"Kwa mara moja haiwezi. Nimeipa shamba moja moja, na mabaki yake."

Abubakari alisoma. Alisoma kwa muda mrefu hadi watu wakaanza kukohoa. Aliuliza mfereji unakunywa kiasi gani, akajibiwa. Akauliza daftari la mvua, akaonyeshwa. Mwisho aliweka kalamu chini. "Mimi nilichukua wastani wa mwaka, na mpangilio sikuugusa," alisema. "Hii ni bora kuliko ya kwangu. Mkikubali kugeuza zamu, naandika sitini na mawili."

Makofi yalianza, lakini Daudi alikwishasimama.

"Ngojeni! Ndiva hii babu yangu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Leo mimi niwe wa mwisho? Na wa kwanza awe nani? Tumainieli! Hesabu imepigwa na binti yake, na aliyefaidika ni baba. Jamani, hamuoni?"

Hilo ndilo neno ambalo Tumainieli alilikwepa miaka ishirini, na sasa lilikuwa limesemwa hadharani. Alisimama polepole, safari hii bila kuikung'uta kofia.

"Mwenyekiti, umesema kweli, na nilijua utasema. Ndiyo maana nilinyamaza. Nimefungua maji miaka thelathini na moja, na kama kuna mtu humu niliyemnyima hata siku moja, asimame." Hakusimama mtu. "Mimi nina shamba, kwa hiyo msiniamini. Mashine haina shamba. Iulizeni."

Watu wakacheka, na safari hii walicheka pamoja naye. Daudi alimgeukia Koleta, ndevu zinamcheza.

"Shamba langu linapata ngapi ukigeuza?"

"Miaka tisini na sita katika mia, mzee."

"Na sasa hivi?"

"Tisini na nane."

"Inapungua miwili tu?"

"Miwili tu."

Mwenyekiti alitazama dari. Ni mtu mwenye kiburi, Daudi, lakini hesabu ya kutoa anaijua, na kumi na wawili wa chini walikuwa wamemkazia macho, wawili kati yao wakwe zake.

"Niandikeni wa mwisho," alisema. "Ila mfungulia ndiva asichelewe kuamka, nisije nikamwagilia jua." Akakaa, na mikono ikanyooshwa.

*

Jumatatu watu walifika ndivani mapema kuliko kawaida. Hedwiga hakuwepo, alikuwa chini kabisa, shambani, amesimama kwenye kinywa cha mfereji na jembe, na kapu jipya kubwa liko kando yake. Koleta alisimama karibu na baba yake. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Tumainieli alivua kofia. Akafungua mdomo aite jina la kwanza, na sauti haikutoka.

Alikohoa, akajaribu tena. Watu wakatazamana. Miaka yote ile jina hilo halikuwahi kuitwa hapo, na aliyetakiwa kuliita ni mwenyewe. Alisimama tu, anaigeuza kofia mikononi, anatabasamu kama mtu aliyekutwa ugenini bila viatu. Koleta alitaka kumsaidia, lakini mtoto hawezi kumwita baba yake kwa jina.

Ndipo sauti nene ikatoka kwenye mkia wa mstari, kwenye nafasi mpya ya mwenyekiti.

"Tumainieli!" Daudi aliita. Na alipoona hajibu, akaita kwa nguvu zaidi: "Wewe Tumainieli! Tunachelewa!"

Naetwe akadakia, na mwingine, na mwingine, hadi ukingo mzima ukawa unaliita jina moja, wengine wanacheka, wengine hawacheki.

"Nipo," Tumainieli alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekwishashika mlango. Akauvuta. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapita shamba la Daudi, yakapita la Naetwe, yakateremka kwenye migomba hadi yakapotea machoni. Watu wakasikiliza.

Ikapita muda. Halafu, kutoka chini kabisa, sauti ya Hedwiga ikapanda mlima.

"Baba Koleta! Yamefika! Yamefika mengi, njoo na jembe la pili!"